Wati moja au tano: nguvu ya redio koli na namna ya kuirekebisha

Kwenye kona ya kioo cha redio koli nyingi kuna herufi moja ndogo, H au L, ambayo walinzi, madereva wa watalii na manahodha hawaijali mpaka siku mawasiliano yanapokatika. H ni nguvu ya juu ya kurusha, L ni ya chini. Kwa redio ya kazini ya VHF (masafa ya megahetsi 30 hadi 300) kawaida ni wati 5 na wati 1, na kwa UHF (megahetsi 300 hadi 3000) mara nyingi ni wati 4 na wati 1. Baofeng UV-5R, inayouzwa karibu kila mahali kwa bei nafuu, ina 4 na 1, na pa kubadilisha ni menyu namba 2, ile iliyoandikwa TXP.

Wenye redio wengi huiweka H na kuisahau. Sababu yao inaeleweka: nguvu zaidi, umbali zaidi, na nani ataka kuongea asisikike? Tatizo ni kwamba hesabu ya redio haiendi hivyo, na gharama ya H hulipwa na watu ambao mara nyingi hawajui kama wanalipa.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo yote huitwa "kurekebisha nguvu". La kwanza ni mtumiaji kubonyeza kitufe na kuhama kutoka H kwenda L. La pili ni anayeprogramu redio kwa kompyuta kuamua kwamba chaneli 1 itarusha kwa nguvu ya chini na chaneli 5 kwa ya juu, pengine akamfungia mtumiaji asiweze kubadilisha. La tatu ni fundi mezani, mwenye vipimo, kuamua kwamba kile redio inachokiita H kiwe kweli wati 5, si 3.8 wala 6.5. Mabishano mengi kuhusu nguvu ya redio hutokea kwa sababu mmoja anaongelea kitufe na mwenzake anaongelea meza ya fundi.

Nguvu mara tano, umbali mara moja na nusu

Ukitoka wati 1 kwenda wati 5 umezidisha nguvu mara tano. Wahandisi hupima mabadiliko hayo kwa desibeli: mara mbili ni desibeli 3, mara nne ni 6, mara kumi ni 10. Mara tano ni desibeli 7. Weka namba hiyo kichwani, kwa kuwa ndiyo zawadi yote ambayo kitufe cha H kinaweza kukupa.

Desibeli 7 zinanunua umbali gani? Mahali ambapo hakuna ardhi wala kizuizi, kama angani, nguvu ikiongezeka mara nne umbali unaongezeka mara mbili. Lakini watu wawili waliosimama ardhini wakiwa na antena kwenye kimo cha kifua hawako angani. Wimbi linalokwenda moja kwa moja hukutana na lile lililogonga ardhi na kurudi, yakapunguzana, na nguvu hufifia haraka zaidi. Kwenye uwanda ulio tambarare, kanuni ya kukadiria inayotumika ni kwamba ili uongeze umbali mara mbili unahitaji nguvu mara kumi na sita. Kwa hiyo nguvu mara tano inakupa umbali mara moja na nusu tu. Kama kwa wati 1 mlikuwa mnasikilizana hadi kilomita 4, kwa wati 5 mtafika kilomita 6 hivi. Na ukitaka kilomita 12? Utahitaji wati 80, ambazo hakuna redio ya mkononi inayozitoa, na kama ingekuwepo usingependa kuishika karibu na uso wako.

Kanuni hiyohiyo inasema jambo jingine ambalo wauza redio hawalisemi kwa sauti: kimo cha antena kikiongezeka mara mbili unapata desibeli 6. Mtu aliyesimama chini ameshika redio kwenye mita 1.5. Akipanda juu ya gari, antena ikafika mita 3, amepata desibeli 6, karibu sawa na kutoka L kwenda H, na betri haijaguswa. Anayeendesha watalii Serengeti au Maasai Mara analijua hili bila hesabu. Akiwa bondeni hasikiki. Akipanda kilima kidogo anasikika na wote.

Kuna pia mpaka ambao wati haziuvuki kwa urahisi, nao ni upeo. Dunia ni mviringo, na mawimbi ya VHF na UHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, yakijipinda kidogo tu. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, jibu ni kilomita hadi kwenye upeo wa redio. Kwa mita 1.5 ni kilomita 5. Watu wawili wenye kimo hicho wana upeo wa kilomita 10 kati yao, hata kama uwanda ni safi kama meza. Kwa aliyeko kwenye kilima cha mita 100 ni zaidi ya kilomita 40. Taa ikiwa nyuma ya mlima, kuweka balbu yenye mwanga mara tano hakukufanyi uione.

Ndiyo maana maandishi ya "kilomita 50" kwenye boksi si lazima yawe uongo. Ni kipimo cha mtu aliye kileleni akiongea na mtu aliye bondeni, hakuna kitu katikati. Mfano mzuri kuliko wote uko juu yetu: setilaiti ndogo ya redio za ridhaa iitwayo SO-50, iliyorushwa Desemba 2002, hutuma sauti kwa milliwati 250, yaani robo ya wati. Inazunguka mamia ya kilomita juu, na ikiwa chini kuelekea upeo inaweza kuwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwako, lakini wenye redio za mkononi na antena ndogo ya matawi huisikia. Robo ya wati kutoka huko, na redio yako ya wati 5 inashindwa kufika upande wa pili wa jengo la ghorofa.

Majengo nayo yana hesabu zake. Ukuta wa zege wenye nondo unaweza kula desibeli 10 hadi 20 peke yake. Kuta mbili za namna hiyo zimeshameza desibeli 7 zako na kudai chenji. Hapo tiba ni kubadilisha mahali pa kusimama, kutumia UHF ambayo hupenya milango na madirisha vizuri kuliko VHF, au kuweka ripita, yaani kituo kinachopokea mawimbi yako na kuyarusha upya.

Na kabla ya yote hayo, tazama redio iko wapi mwilini. Walinzi wengi huivaa kiunoni, antena imegusana na ubavu, wakaongea kwa maikrofoni ndogo iliyobanwa begani. Inapendeza na mikono inabaki huru. Lakini mwili wa binadamu umejaa maji na chumvi, na redio iliyo kiunoni inaweza kupoteza desibeli 10 au zaidi ikilinganishwa na ileile ikiinuliwa mbele ya uso. Mtu huyo ameweka H, halafu nyonga yake imeirudisha chini ya L.

Kwa nini L mara nyingi husikika sawasawa

Redio koli za kawaida hutumia FM, njia ya kubeba sauti kwa kubadilisha masafa ya wimbi, si nguvu yake. Kipokezi cha FM kikishapata mawimbi yenye nguvu ya kutosha, hukata tofauti zote za nguvu na kubaki na sauti. Ndiyo maana mtu aliye mita 200 na mtu aliye kilomita 2 wanaweza kusikika vilevile. Ongezeko la nguvu halifanyi sauti iwe kubwa wala safi zaidi ikiwa tayari ni safi. Linaonekana pembezoni tu, pale sauti imeanza kuchanganyika na mvumo. Hapo desibeli 7 zinaweza kugeuza maneno yasiyoeleweka yakaeleweka. Kwa redio za kidijitali pembezoni ni pembamba zaidi: sauti ni safi, safi, kisha inakatika vipande na kutoweka.

Kwa hiyo swali sahihi si "nguvu ngapi?" bali "niko pembezoni?" Kwenye hoteli, ghala, shule, harusi au uwanja wa mpira, jibu karibu kila mara ni hapana.

Wakati huohuo H inafanya mambo ambayo hukuyaomba. FM ina tabia ya kumpa nafasi mwenye nguvu zaidi na kumfuta dhaifu. Watu wawili wakibonyeza pamoja kwenye chaneli moja, aliye na nguvu zaidi kwenye kipokezi ndiye anayesikika, mwingine anapotea kama hakuwahi kusema. Kundi lako likiwa kwenye H kwa maongezi ya mita 300, unaweza kuwa unamfuta mtu aliye kilomita kadhaa mbele anayetumia masafa yaleyale kihalali. Hutajua, kwa sababu wewe husikii malalamiko yake.

Karibu mno nako kuna taabu. Redio iliyo hatua moja au mbili kutoka kwa mwenzake anayerusha wati 5 hupokea mawimbi makali kiasi kwamba mzunguko wake wa mbele unazidiwa. Matokeo ni mlio, sauti iliyopasuka, au redio kuwa kiziwi kwa wengine wote kwa muda huo, hata walio kwenye chaneli nyingine. Ukiona kwamba watu mnaoelewana mkiwa mbali mnakwaruzana mkiwa karibu, jaribu L kabla ya kumlaumu fundi. Na kuna suala la siri: maongezi ya walinzi wa benki hayana haja ya kufika mtaa wa pili, na L ndiyo njia rahisi ya kuyabakiza nyumbani, ingawa si kinga kamili.

Betri

Hapa ndipo watu huelewa haraka. Chukua betri ya volti 7.4 yenye miliampea-saa 2000. Redio ya wati 5 ikirusha hunywa ampea 1.6 hivi, kwa wati 1 hunywa 0.7. Utauliza kwa nini si moja ya tano. Ni kwa sababu transista ya mwisho, ile inayokuza mawimbi kabla ya antena, imeundwa kufanya kazi vizuri ikiwa karibu na nguvu yake ya juu, na sehemu nyingine za redio hula umeme uleule hata ukirusha kidogo. Kwenye H, chini ya nusu ya umeme unaotoka kwenye betri ndio unaofika kwenye antena. Kwenye L ni kama moja ya tano tu, na unaobaki ni joto.

Watengenezaji hutangaza muda wa betri kwa mgawanyo wa 5-5-90: asilimia 5 ya muda unarusha, 5 unapokea, 90 redio imetulia. Tukichukulia kupokea ni miliampea 300 na kutulia ni 60, betri yetu inakaa saa 13 hivi kwenye H na 19 kwenye L. Ni tofauti ya zamu moja na zamu na nusu. Sasa mchukue msimamizi wa harusi au wa tukio la michezo, ambaye asilimia 20 ya muda anaongea na 20 anasikiliza: saa 4 na dakika 50 kwa H, saa 8 na nusu kwa L. Yule wa kwanza atazimikiwa kabla keki haijakatwa.

Baharini kanuni imeandikwa

Wavuvi na manahodha wa Bahari ya Hindi wanaotumia VHF ya baharini hawachagui kwa hiari tu. Kanuni za redio za shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, zinaruhusu chaneli 15 na 17 kutumika kwa maongezi ya ndani ya chombo ikiwa nguvu haizidi wati 1, na redio nyingi hujishusha zenyewe mara unapochagua chaneli hizo. Redio iliyofungwa chomboni ina kikomo cha wati 25. Ile ya mkononi huwa na 5 au 6, na 1 kwa L.

Sababu iko wazi ukifikiria bandari. Chaneli 16, masafa ya megahetsi 156.8, ndiyo ya kuitana na ya kuomba msaada, na kila chombo kinaisikiliza. Maji ni tambarare na mawimbi husafiri vizuri juu yake, hivyo nahodha anayeuliza nafasi ya kufunga boti kwa wati 25 anaongea na pwani nzima. Ndani ya bandari L inatosha. Chombo kikizama, H, bila kusita, na redio inuliwe juu kadiri mkono unavyofika. Aliyekaa ndani ya ngalawa, antena iko mita 1 juu ya maji, ana upeo wa kilomita 4 peke yake; akiongea na kituo cha pwani chenye mnara wa mita 60, upeo wao wa pamoja ni kama kilomita 36. Aliyeileta sehemu kubwa ya kilomita hizo ni mnara.

Nchi kavu kila mahali pana sheria yake. Ulaya, redio za PMR446 zisizohitaji leseni zina kikomo cha nusu wati na antena isiyobanduka. Marekani, tangu 2017, redio za FRS, nazo zisizohitaji leseni, zinaruhusiwa wati 2 kwenye chaneli nyingi na nusu wati kwenye chaneli 8 hadi 14. Ndugu akikuletea redio hizo kutoka ng'ambo, uhalali wake hausafiri nazo: Tanzania anayesimamia masafa ni TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, na kote kuwili kifaa kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa na, kwa kawaida, masafa yawe na leseni.

Pale H inapostahili

Ripita ndiyo hali ya wazi zaidi. Ripita iliyo kilimani inaweza kurusha wati 40 na wewe una 4. Hiyo ni tofauti ya desibeli 10, maana yake utaisikia vizuri mahali ambapo yenyewe haikusikii. Watu hudhani redio yao imeharibika: "Nawapata vizuri, wao hawanipati." Redio ni nzima, mizani ndiyo haiko sawa. Kwenye chaneli za ripita weka H, isipokuwa kama uko chini ya kilima chenyewe.

Ndiyo maana kuprogramu nguvu kwa kila chaneli ni bora kuliko kumwachia mtumiaji kitufe. Chaneli ya maongezi ya ana kwa ana ndani ya eneo, L. Chaneli ya ripita, H. Chaneli ya dharura, H na isibadilishike. Ili ujue kama L inatosha, weka mtu mmoja kwenye chumba cha udhibiti na mwingine atembee eneo zima kwa L, aingie ngazi za chini, nyuma ya matangi, ndani ya lifti, kila mahali akiuliza "unanipata?" na jibu liandikwe. Sehemu zikishindwa, zirudie kwa H. Mara nyingi utagundua kwamba zilizoshindwa kwa L zimeshindwa pia kwa H, na hapo umejua kwamba unahitaji ripita au antena ya nje, si wati.

Mitandao mikubwa imeacha kumtegemea binadamu katika hili. Redio za TETRA, zinazotumiwa na polisi na zimamoto katika nchi nyingi, hupima zenyewe mawimbi ya kituo na kujishusha kwa hatua za desibeli 5, na simu yako ya mkononi hufanya hivyo mara nyingi kwa sekunde. Redio koli ya kawaida haina habari inasikikaje upande wa pili.

Mezani kwa fundi

Ndani ya redio kuna kitanzi kidogo cha kudhibiti nguvu. Sehemu ndogo ya mawimbi yanayotoka huchukuliwa, hugeuzwa kuwa volti, na kulinganishwa na volti iliyowekwa kama kipimo. Ikiwa nguvu ni ndogo, transista inasukumwa zaidi. Ikiwa nyingi, inazuiwa. Kurekebisha nguvu mezani ni kubadilisha kile kipimo. Redio za zamani zilikuwa na kiskurubu cha kuzungusha. Za sasa hutumia programu ya fundi, tofauti na ile ya kuweka chaneli, na thamani huwekwa kwenye masafa kadhaa ya mwanzo, katikati na mwisho wa bendi, kwa sababu transista haitoi sawa kote.

Mteja akileta redio "iliyopungua nguvu", usianze na programu. Anza na betri. Betri iliyochoka huonyesha volti 7.4 ikiwa imetulia, lakini ukibonyeza kuongea inashuka hadi 6 na kidogo, na hapo kitanzi kinaomba nguvu ambayo haipo. Kisha antena na tundu lake: pini iliyolegea, kutu, antena ya VHF iliyofungwa kwenye redio ya UHF kwa kuwa skurubu zinalingana.

Ukifika kupima, ondoa antena na funga mzigo wa omu 50, kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena. Chagua mita kwa akili. Bird 43, mita ambayo mafundi wengi wanaiamini, ina usahihi wa asilimia 5 ya kipimo chake kamili, si ya unachosoma. Ukiweka kiini (kipande kinachopachikwa kwenye mita kuamua kipimo kamili) cha wati 100 na kupima redio ya wati 5, kosa linaloruhusiwa ni wati 5. Tumia kiini cha wati 5 au 10, waya mfupi, betri iliyojaa au umeme uliotulia, na bonyeza kwa sekunde chache tu kila mara, maana joto hubadilisha matokeo.

Halafu weka kile mtengenezaji alichoandika, usiongeze. Kutoka wati 5 hadi 6 ni desibeli 0.8, ambayo hakuna sikio litakaloitambua. Hata kutoka 5 hadi 8 zinazotangazwa na redio fulani za bei rahisi ni desibeli 2, sawa na asilimia 12 ya umbali kwenye uwanda. Unacholipa ni transista inayopikika na mawimbi machafu: amplifaya ikisukumwa kupita kiasi hutoa nakala za masafa mara mbili na mara tatu. Redio ya megahetsi 156.8 inaweza kuanza kusikika kwenye 313.6 na 470.4, kwenye masafa ya watu wengine. Kichujio cha ndani kilitengenezwa kwa nguvu ya kiwandani. Bila chombo cha kuonyesha mawimbi hayo, fundi anayeongeza nguvu anafanya kazi amefumba macho.

Kuna na kichwa cha mtumiaji. Redio nyingi za kazini zimeidhinishwa kwa wafanyakazi waliopewa maelekezo, kwa masharti kwamba zinashikwa sentimita 2.5 kutoka mdomoni na hazirushi zaidi ya nusu ya muda. Vipimo hivyo vilifanywa kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Ukiipandisha, idhini haikuhusu tena. Kwa redio za mahali penye gesi au mafuta yanayolipuka usiguse kabisa: nyingi zimefungwa kwenye wati 1 kwa makusudi, na kuzifungua tu kunafuta uthibitisho wake.

Ukimaliza, andika kwenye stika ndani ya nafasi ya betri: tarehe, nguvu ya H na L kwenye masafa uliyopima, na volti ya betri ikiwa inarusha. Redio ikirudi baada ya mwaka na H imeshuka kutoka 4.9 hadi 3.1, utakuwa na cha kulinganisha.